Kuni Mbili za Mjane

Somo: 1 Wafalme 17:8–16, Maombolezo 5:1–5 na 13

Twawasalimu ninyi nyote mnaotusikiliza asubuhi hii, mlio Nyeri mjini na Othaya, Karatina na Kerugoya, Nanyuki na Naro Moru, na ninyi wa Embu na Meru upande ule mwingine wa mlima. Baadhi yenu mmeketi mezani mnakunywa chai. Wengine mko jikoni, redio iko juu ya rafu karibu na mlango, nanyi mnapangusa macho kwa sababu ya moshi. Somo la leo tumewachagulia ninyi mlio jikoni.

Nabii Eliya alipofika penye lango la mji wa Sarepta, wakati wa ule ukame mkubwa, alikutana na mwanamke mjane. Mjane huyo alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiokota kuni. Habari hii tumeihubiri mara nyingi, na kila mara tumesimama kwenye unga usiokwisha na mafuta yasiyopungua. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kuipanga miujiza ya Eliya kwa utaratibu mzuri, na tuliweza kuitaja yote bila kufungua kitabu. Lakini hatukumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuuliza habari za zile kuni. Na tukisema kweli, sisi wenyewe hatukuuliza.

Mjane yule alimwambia nabii kwamba anaokota kuni mbili tu. Mwanamume akisikia hivyo hupita upesi aende kwenye muujiza. Lakini mwambie mama wa Tetu au wa Mathira habari ya kuni mbili, atatikisa kichwa. Kuni mbili haziwezi kuivisha githeri. Maharagwe makavu yataka moto wa saa nyingi. Kuni mbili zatosha mkate mdogo wa kukaanga upesi, basi. Mwanamke huyu hakuwa amepungukiwa na unga peke yake. Alikuwa amepungukiwa na moto pia.

Sisi tulizaliwa katika kijiji kilicho chini ya msitu wa Nyandarua. Mama yetu alikuwa na kishimo katika paji la uso, mahali ulipopita mkanda wa kubebea kuni. Tulipokuwa wadogo tulidhani kila mama huzaliwa na kishimo kile. Siku ya Jumamosi aliondoka kabla hakujapambazuka, akarudi alasiri ameinama hata hatukuuona uso wake, tuliona mzigo unakuja peke yake njiani. Jioni tulifanya masomo yetu kwa koroboi, na moto wa mafiga matatu ukiwaka karibu nasi. Asubuhi tukipenga, kamasi zilikuwa nyeusi. Hakuna aliyeuita ugonjwa. Ndivyo kulivyokuwa nyumbani.

Tazama na yule mwombolezaji wa Yerusalemu. Analia kwamba watu sasa wananunua maji yaliyokuwa yao, na kuni zilizokuwa zao wanauziwa; na mbele kidogo anasema vijana wanajikwaa chini ya mizigo ya kuni. Huyo hakupata kufika Nyeri, ndugu wasikilizaji, lakini maneno yake yamefika. Leo mama anayekaa karibu na msitu hulipa ada ndipo aruhusiwe kuokota kuni zilizoanguka. Hatusemi ada hiyo ni mbaya. Msitu usiolindwa tuliuona. Mwaka wa 1999 watu wa Shirika la Wanyamapori waliruka kwa ndege juu ya msitu wa Mlima Kenya ili kuukagua. Waliona miti ya kafuri, ile tunayoiita muthaiti, imekatwa kwa wingi, na mierezi, na mizeituni ya mwituni. Waliona mashamba ya bangi katikati ya msitu. Waliona tanuri nyingi za makaa zikitoa moshi mahali ambapo ramani ilionyesha miti mitupu. Mwaka uliofuata msitu huo ukakabidhiwa shirika hilo ulindwe.

Makaa yale yalinunuliwa na nani? Hayakuliwa na tembo. Yalitiwa katika magunia, yakapikia chai katika hoteli za miji yetu, na nyama katika baa zetu, na, tuseme kweli, hata chakula cha mikutano yetu ya kanisa. Tena makaa ni mali yenye hasara nyingi. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo kumi za kuni hutoa kilo moja au mbili tu za makaa. Zilizobaki zimekwenda juu kama moshi. Anayenunua mkebe mmoja wa makaa sokoni Karatina haoni mti mzima nyuma ya mkebe ule.

Katika mwaka uo huo wa 2000 mvua zilikosa, na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa zamu. Mto Tana huanzia kwetu, katika Nyandarua na katika Mlima Kenya. Maji yale yale yanayopita chini ya madaraja yetu huteremka hadi mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakazungusha mitambo. Mabwawa hayo yalijengwa moja baada ya jingine, tangu Kindaruma ya mwaka wa 1968 hata Kiambere ya 1988. Ukame ndio uliokuwa adui mkubwa mwaka ule, hatutaki kusema zaidi ya ilivyo. Lakini mtu anayekata miti kwenye chemchemi za Tana hana haki ya kulalamika taa zinapozimika.

Sasa tuseme jambo ambalo wahubiri hatulisemi sana, habari za ukuaji wa uchumi. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2014 wataalamu wa serikali walihesabu upya pato la taifa letu kwa njia mpya. Uchumi ukaonekana umekuwa mkubwa kwa robo nzima, na Kenya ikaandikwa miongoni mwa nchi za kipato cha kati. Tulilala maskini tukaamka watu wa katikati! Asubuhi ile mama alipojitwika mzigo wake wa kuni, ulikuwa na uzito ule ule wa jana.

Hatudharau hesabu hizo. Maendeleo ni baraka, na mtu anayewaambia maskini wasitamani umeme, naye amewasha taa zake zote, huyo tunamwogopa. Lakini wako wataalamu wa uchumi waliofundisha kwamba nchi maskini haina budi kuchafua kwanza. Ijenge viwanda, ichome inachoweza kuchoma, na ikiisha tajirika itapata fedha za kujisafisha. Wanaonyesha mfano wa nchi za Ulaya. Na kweli, Waingereza walichoma makaa ya mawe kwa vizazi vingi. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1952 moshi ulichanganyika na ukungu ukaufunika mji wa London kwa siku kadhaa, watu wasione hata miguu yao. Walihesabiwa waliokufa zaidi ya kawaida kama 4,000, na wataalamu wa baadaye wakasema walikuwa wengi kuliko hao. Sheria ya kusafisha hewa ikapitishwa mwaka wa 1956. Kwa hiyo ni kweli kwamba walijisafisha. Lakini hao waliokufa mwaka wa 1952 hawakuisoma sheria ya 1956.

Hapa twamkumbuka tena Eliya. Nabii alimwomba mjane amtengenezee yeye kwanza mkate mdogo, ndipo ajitengenezee yeye na mwanawe. Ni neno gumu. Likisemwa na mtu mwingine lingekuwa neno la mnyang'anyi. Lakini Eliya hakuja na njaa yake peke yake, alikuja na ahadi ya Mungu kwamba unga hautakwisha, na ahadi ile ilitimia siku ile ile, katika nyumba ile ile. Basi kila anayemwambia mjane wa leo angoje, kwamba viwanda kwanza, barabara kwanza, na zamu ya jikoni itafika baadaye, twamwuliza kwa heshima: pipa lako la unga liko wapi? Kama huna cha kuweka nyumbani mwake leo, usimwombe mkate wake wa mwisho.

Wako na wale wanaosema kwamba uchafuzi wa dunia si wetu, ni wa mataifa makubwa. Katika jambo hili wana haki, nasi hatuwanyimi. Sehemu ya Kenya katika moshi unaopasha dunia joto ni ndogo mno. Hata hivyo mlima wetu unalipa. Mwaka wa 1934 barafu ile kubwa iitwayo Lewis ilipimwa. Ilipopimwa tena mwaka wa 2010 ilikuwa imepoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Wanaopima husema sababu ni joto la dunia, na hewa yetu kuwa kavu kuliko zamani. Wazee wetu walipoomba waliuelekea mlima wenye weupe, na mjukuu atauliza weupe gani. Wenye deni hilo walilipe, na viongozi wetu wakilidai katika mikutano ya mataifa tuwaombee.

Lakini moshi uliomo jikoni mwetu hauna haja ya kuvuka bahari. Hapa ndipo tulipotaka kufika. Umeme wa nchi hii, ukilinganishwa na wa nchi nyingi tajiri, ni safi ajabu. Sehemu kubwa sana hutoka katika maji ya Tana, katika mvuke wa ardhini kule Olkaria ambako kazi ilianza mwaka wa 1981, na katika upepo. Mpango wa kuchoma makaa ya mawe kule Lamu ulifutiwa kibali na baraza la mazingira mwezi wa Juni 2019. Hata hapa kwetu, maji ya mto Gura yanazungusha mitambo inayopeleka umeme katika viwanda vya majani chai. Twamshukuru Mungu. Sasa tazama hesabu ya watu ya mwaka uo huo wa 2019. Nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zikiwasha taa ya umeme. Lakini zaidi ya nusu, asilimia 55, zilipikia kuni. Na nyingine kama 12 katika mia zilipikia makaa. Waliopikia umeme hawakufika mmoja katika mia. Umeme umeingia sebuleni ukakaa kitini kama mgeni wa heshima, na jikoni haujapiga hodi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa majumbani huua watu kama milioni 3 duniani kwa mwaka mmoja. Hesabu kama hiyo mtu huisikia akaendelea kunywa chai. Nasi tuliisikia tukaendelea kunywa chai. Tutawaeleza ni kitu gani kilichotuzuia.

Katika parokia moja tuliyoitumikia, tulifanya harambee ya kuingiza stima kanisani. Watu walitoa kwa moyo, na baada ya nguzo na waya fedha zikabaki. Halmashauri ikaketi. Akina mama wakaomba fedha zile zijenge jiko lenye dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje, kwa sababu jiko la kanisa lilikuwa kibanda cha mabati chenye mafiga na dirisha moja dogo. Sisi wachungaji na wazee tukasema jiko lingoje, vipaza sauti kwanza. Neno la Mungu lisikike hadi barabarani. Tulipiga kura, na katika chumba kile wanaume walikuwa wengi.

Vipaza sauti vikaja. Siku ya kuviweka wakfu, wakati wa chakula, tuliingia jikoni kuwashukuru waliopika. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, aliyekuwa amepikia kanisa lile kwa zaidi ya miaka thelathini, alitusalimu kwa heshima, kisha akasema: "Mchungaji, mahubiri yako sasa tunayasikia mpaka huku jikoni. Ni wewe tu ambaye hatukuoni kwa moshi." Wote wakacheka. Nasi tukacheka, tukatoka upesi kwa kuwa macho yalikuwa yakituwasha.

Mama yule alikuwa na kikohozi cha siku nyingi. Tulikizoea, kanisani tulikijua kama tunavyoijua kengele. Alipolazwa hospitali tulikwenda kumwona, na daktari alikuwa akimwuliza amevuta sigara kwa miaka mingapi. Sigara! Mwanamke aliyeokoka tangu ujana, ambaye hata ugoro hakupata kuugusa. Daktari alituonyesha picha ya kifua, akasema mapafu yale ni kama ya mvutaji mkubwa. Mama akatutazama tu. Hakusema neno juu ya jiko. Tungependa angesema.

Alifariki mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu. Watu wakaja wengi, kama ilivyo desturi yetu, na waliokuja ni lazima wale. Chakula cha mazishi yake kilipikwa katika kibanda kile kile. Tukiwa tunahubiri kaburini, kwa vile vipaza sauti vyetu vizuri, tuliuona moshi ukitoka katika matundu ya mabati, na binti zake wawili wakiingia na kutoka humo na masufuria.

Kanisa la Anglikana ulimwenguni lina alama tano za utume, na ya tano, iliyoongezwa mwaka wa 1990, ni kuutunza uumbaji wa Mungu. Chuoni tuliikariri tukapata maksi nzuri. Siku ile tulijua hatujaielewa. Tulidhani uumbaji ni ndege na maporomoko ya maji, tukasahau kwamba mapafu ya mama nayo ni kazi ya mikono ya Bwana.

Wala hatukukosa mwalimu karibu. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, hapa Nyeri, mwaka wa 1940. Alipoanzisha kazi ya kupanda miti mwaka wa 1977 pamoja na Baraza la Kitaifa la Wanawake, hakuanza na habari za mvuke na nyuzijoto. Aliwasikiliza wanawake wa mashambani, nao walimwambia shida zao: kuni ziko mbali, maji si safi, chakula hakitoshi. Kutoka hapo ukatoka ukanda wa kijani. Amesimulia pia kwamba mama yake alimkataza asiokote kuni za mugumo. Nasi watu wa kanisa tukumbuke kwa unyenyekevu kwamba wako waliomtangulia Kristo mbele wakiwa na shoka mkononi, wakaukata mugumo wakidhani wanakata ibada ya sanamu. Habari za Tuzo ya Nobeli zilipomfikia mwaka wa 2004 alikuwa safarini kuja Nyeri, na siku ile alipanda mti uso wake ukiuelekea mlima.

Jiko letu lilijengwa mwaka uliofuata mazishi yale. Ni jiko la matofali, kuni zinaingia mdomo mmoja, moshi unatoka kwa dohani juu ya paa, na mzigo uliokuwa ukipikia mkutano mmoja sasa unapikia karibu miwili. Mweka hazina alinung'unika, na bado ananung'unika. Darasa la kipaimara lilipanda miti nyuma ya nyumba ya mchungaji. Mbuzi wa mchungaji walikula mingi yake, na kosa hilo tumelikiri mbele ya halmashauri.

Ndugu msikilizaji, pengine huna uwezo wa kununua mtungi wa gesi. Twajua. Kodi ya gesi iliporudishwa mwaka wa 2021 tuliona majiko ya makaa yakirudi uani hata kwa waalimu na makarani, na ilipoondolewa mwaka wa 2023 si wote waliorudi kwenye gesi. Hatukuhukumu. Lakini dirisha la pili jikoni si gharama kubwa. Kuni zilizokauka vizuri hutoa moshi kidogo kuliko mbichi. Jiko lenye udongo ndani hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Na kwa ajili ya Mungu, baridi hii ya Julai usilale na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Hewa yake haina harufu, na kila mwaka tunazika watu waliolala wazima.

Na ninyi wazee wa kanisa, mnapoketi katika halmashauri kupanga fedha za harambee, ingieni kwanza jikoni. Msiingie na kutoka. Kaeni humo mpaka maharagwe yaive.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona mjane langoni akiokota kuni mbili, utusamehe sisi tuliopita tusimwone. Wape wakuu wa nchi hii hekima ya kuupeleka umeme mpaka jikoni. Waponye wenye vifua vizito asubuhi hii. Nao wanaoingia msituni sasa hivi na mikanda yao, uwalinde, uwarudishe nyumbani kabla ya mvua. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.